Jicho la Serikali na Mkono wa Mama

Katika mwaka 2016 lilitokea jambo katika mkoa wa Dodoma, hasa katika wilaya za Chemba na Kondoa, na vile vile katika sehemu za mkoa wa Manyara, ambalo haifai lisahauliwe upesi. Watu walianza kuugua bila sababu iliyoonekana. Walitapika, matumbo yakavimba, macho yakageuka rangi ya manjano. Walipohesabiwa baadaye, wagonjwa walioandikwa walikuwa 68, na kati yao 20 walikuwa wamekufa, watoto wakiwamo. Haikuwa tauni, wala haikuwa sumu iliyotiwa na adui. Waliuawa na ugali wa nyumbani kwao. Mahindi waliyolima kwa jembe lao na kuyaweka akiba kwa mikono yao yaliota ukungu, na ndani ya ukungu ule mlikuwa na sumu ile ambayo siku hizi yaitwa sumukuvu.

Twamwomba msomaji atulie kidogo mbele ya habari hii kabla ya kupita. Katika kila nyumba iliyopatwa na msiba ule alikuwapo mtu aliyesonga ugali kama alivyofundishwa na mama yake, akawagawia watoto, na bila shaka katika nyumba nyingi chakula kile kiliombewa baraka kabla ya kuliwa. Upendo haukupungua. Upendo ulikuwapo, na mtoto akafa. Basi hapo ndipo swali letu la juma hili linapozaliwa: ikiwa upendo wa wazazi hautoshi kumlinda mtoto na chakula chake mwenyewe, ni nani mwingine aliyewekewa wajibu huo? Na wajibu wake waanzia wapi, na wakomea wapi?

Watu wengi wakisikia jina la Wizara ya Afya hufikiri juu ya hospitali, dawa, na waganga waliovaa makoti meupe. Wizara huonekana kama mganga mmoja mkubwa sana, mwenye mikono mingi. Mawazo hayo si uongo, lakini yana upungufu. Kuuguza mgonjwa ni kazi ambayo watu waliifanya kabla ya wizara yo yote kuwapo duniani. Mama humwuguza mwanawe. Watawa wamewauguza wagonjwa tangu karne nyingi. Jirani humbeba jirani kwa machela. Wizara hakika yasaidia katika kazi hiyo, na kuisaidia ni wajibu wake. Lakini iko kazi nyingine ambayo ni yake hasa, ambayo ikiiacha hakuna mwingine awezaye kuishika kwa ukamilifu. Kazi hiyo ni kuona.

Tutazame sumukuvu ilivyo. Ukungu uitoao huingia katika mahindi na karanga, hasa pale ukame unapoitesa mimea shambani, au nafaka inapowekwa ghalani kabla ya kukauka vizuri. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, haina ladha, wala haifi kwa moto wa jikoni. Akilaye kidogo kidogo kwa miaka mingi huharibika ini, na aweza kupata saratani; akilaye kwa wingi aweza kufa mara moja. Wazee wetu walikuwa na maarifa mengi juu ya nafaka, nasi twawaheshimu kwayo, lakini jambo hili hawakuwa na njia ya kulijua. Hata wataalamu wa Ulaya hawakulijua mpaka mwaka 1960, ambapo batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, ikagunduliwa kwamba walilishwa karanga zenye ukungu. Na huku kwetu Afrika Mashariki, mwaka 2004, ugonjwa huo huo uliwapata watu 317 katika wilaya za mashariki ya Kenya, kama vile Makueni na Kitui, ukawaua 125.

Mama mmoja katika kijiji kimoja cha Chemba ataona mtoto mmoja mgonjwa. Mwalimu wa shule ataona watatu. Mganga wa zahanati huenda akaona watano, akadhani ni homa ya ini ya kawaida. Kila mmoja ameona kipande tu, na kipande hakisemi neno. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi, na hapo ndipo bibi kizee asiye na hatia huweza kutazamwa kwa jicho baya na majirani zake. Kinachohitajika ni jicho lililo juu ya mlima, litazamalo vijiji vyote kwa pamoja, likauliza: ni nini kilichomo katika nyumba zenye wagonjwa, ambacho hakimo katika nyumba zilizo salama? Ndivyo ilivyofanyika mwaka ule. Wataalamu walikwenda vijijini, wakaandika, wakalinganisha nyumba na nyumba, wakachukua mahindi wakayapima, na jibu likapatikana. Kazi ya namna hii haipigiwi vigelegele. Hakuna jengo la kuzindua wala utepe wa kukata. Hata hivyo twathubutu kusema kwamba karani aandikaye kwa uaminifu hesabu za wagonjwa katika daftari la zahanati ya kijiji afanya kazi ya huruma, ingawa huenda asijue kwamba kazi yake ina jina hilo.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha mfano wa jambo hili. Yosefu, mwana wa Yakobo, alipowekwa na Farao juu ya nchi ya Misri, hakuokoa watu kwa kuwapa wenye njaa mkate mmoja mmoja mlangoni pake. Aliona mapema, akahesabu miaka, akajenga maghala. Wema wake ulipita katika hesabu na katika nafaka iliyotunzwa vema. Wako Wakristo wadhanio kwamba huruma ni ile tu itokayo mkononi mwa mtu na kuingia mkononi mwa mtu mwingine, na kwamba yatendwayo na ofisi ni mambo makavu yasiyo na roho. Hilo ni kosa. Papa Yohane wa XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliyahesabu matunzo ya afya miongoni mwa haki za binadamu. Nacho kilicho haki ya mtu hakiwezi kuachwa kingojee moyo mwema wa mpita njia. Lazima pawe na mlango unaojulikana wa kukidai.

Lakini sasa yuko msomaji atakayesema: vema, basi serikali na ifanye yote, nasi tukae. Tumpeleke msomaji huyo Kongwa, safari fupi kutoka Chemba kwa kuwa mkoa ni ule ule.

Kongwa yajulikana na waganga wa macho duniani kote kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma. Ugonjwa huu huenezwa na inzi, vidole na vitambaa, kutoka uso mchafu wa mtoto mmoja hadi uso wa mwingine. Mtoto huugua, akapona, akaugua tena, miaka na miaka, hata kope zikageuka kuelekea ndani na kulikwaruza jicho. Ndipo mtu mzima, na mara nyingi mwanamke kwa kuwa ndiye akaaye na watoto, hupofuka. Tangu miaka ya 1980 wataalamu walifanya uchunguzi katika vijiji vya Kongwa. Mmoja wa uchunguzi huo, uliochapishwa mwaka 1995, ulilinganisha vijiji vilivyopewa dawa ya macho peke yake na vijiji vilivyopewa dawa pamoja na mafundisho ya kuwanawisha watoto nyuso. Mahali ambapo nyuso zilinawishwa, ugonjwa mkali ulipungua zaidi.

Katika jambo hili jicho la serikali, hata likiona namna gani, halina mkono wa kutosha. Dawa yaweza kuletwa kwa gari na kugawanywa kwa siku moja. Lakini hakuna afisa awezaye kuamka kila alfajiri, katika kila nyumba ya Kongwa, amshike mtoto kidevu na kumfuta uso. Ni kazi ya mama, na ya baba, na ya dada mkubwa. Tena ilionekana kule Kongwa kwamba kizuizi hakikuwa uchache wa maji peke yake, ingawa maji yalikuwa mbali na machache kweli. Watu walidhani pia kwamba kunawisha uso kwahitaji maji mengi, kumbe kidogo sana chatosha. Na mwanaume anayemwachia mkewe peke yake shida yote ya kutafuta maji, kisha akashangaa kuona nyuso za watoto zina inzi, ajiulize kama ana haki ya kushangaa.

Kongwa ina fundisho jingine pia kwa wale wanaotaka serikali ifanye kila jambo. Ni pale pale ambapo serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 1947 mpango wake mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta, zilitumika pauni kwa mamilioni, pori likafyekwa. Mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wenyeji wa Ugogo walizijua mvua zile na udongo ule kwa vizazi vingi. Serikali isiyosikiliza kabla ya kutenda huwa na nguvu nyingi na macho machache.

Kwa hiyo Kanisa limefundisha kanuni iitwayo kanuni ya auni, nayo ilielezwa waziwazi na Papa Pius wa XI katika barua yake Quadragesimo Anno ya mwaka 1931. Maana yake kwa lugha nyepesi ni hii: jambo ambalo jamii ndogo yaweza kulitenda vema yenyewe, jamii kubwa isilinyang'anye, na jambo ambalo ndogo haliwezi, kubwa isilikwepe, bali iisaidie. Kijiko cha ugali na maji ya uso ni mali ya nyumba. Maabara, sheria ya chakula, na hesabu ya nchi nzima ni mali ya dola.

Kanuni hii ni nzuri, lakini kama kila kitu kizuri yaweza kutumiwa vibaya, na kila upande una kishawishi chake. Mzazi hushawishika kusema: serikali haikuniambia. Ofisa naye hushawishika kusema: tuliwaambia, hawakusikia. Neno hili la pili ndilo tunaloliogopa zaidi, nasi twataka kulieleza.

Nchi ya katikati ni nchi ya njaa. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, tena si ya kuaminika. Kuna miezi ambayo ghala limebaki na debe mbili, na debe hizo zina ukungu. Mama sasa amekwisha kufundishwa. Amesikia redioni na katika mkutano wa kijiji kwamba mahindi ya namna hii yaua. Atazama mahindi, atazama watoto. Akiyatupa, watalala njaa leo kwa hakika. Akiyapika, huenda wakaugua, huenda wasiugue. Je, akiyapika, amefanya dhambi?

Sisi hatuthubutu kumhukumu. Mafundisho ya Kanisa juu ya dhamiri yasema kwamba mtu hulaumiwa kwa kadiri ya alichojua na kwa kadiri ya uhuru aliokuwa nao. Mwaka 2016 akina mama hawakujua, basi hawana lawama hata chembe, na aliyempoteza mtoto kwa namna ile asiendelee kujitesa moyoni. Mama wa leo anajua, lakini uhuru wake ni mdogo. Ujuzi bila njia ya kuutumia ni mzigo tu uliowekwa juu ya mabega ya maskini. Kwa hiyo twasema kwamba yule amwambiaye maskini, "Tupa chakula hiki," amejifunga mwenyewe kwa deni. Hana budi aweze kusema pia, "Shika hiki badala yake." Onyo la wizara lisiloambatana na nafaka safi ya akiba, na maturubai ya kuanikia, na mifuko isiyopitisha hewa kwa bei ambayo mkulima aweza kuilipa, ni onyo la nusu. Jambo hili si la Wizara ya Afya peke yake. Lagusa Kilimo, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na Shirika la Viwango ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lililokabidhiwa usalama wa chakula. Mwenye jicho anao wajibu wa kuwaita wenye mikono. Wizara iliyoona hatari, ikaandika taarifa, ikaiweka kabatini kwa kuwa maghala ni ya wizara nyingine, haijamaliza kazi yake.

Liko na jambo la pili. Jicho likiwa kazi yake ni kuona, dhambi yake kubwa ni kufumba. Sote twakumbuka kwamba mwishoni mwa Aprili 2020 serikali yetu iliacha kutangaza hesabu za wagonjwa wa Korona, na kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja taifa halikuzipata. Mwezi wa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliwaandikia waamini kuwaonya kwamba ugonjwa upo na kuwataka wajihadhari. Baadaye, katika mwaka ule ule wa 2021, kamati ya wataalamu iliundwa, na hesabu zikaanza kutolewa tena. Hatuyaandiki haya ili kuchokonoa kidonda. Huenda walionyamaza walitaka kuwaepusha watu na hofu, na hofu kweli yaweza kudhuru. Lakini kiongozi awafichiaye watu hatari ili wasiogope huwatendea kama watoto wadogo, naye huwanyang'anya wazazi silaha ya kuwalinda watoto wao. Mkono wa mama hutenda kwa kadiri jicho linavyomwambia. Jicho likifumba, mkono wapapasa gizani.

Katika kitabu cha Walawi imo sheria ya zamani ambayo wengi huiruka wanaposoma. Ukungu ukionekana katika kuta za nyumba, mwenye nyumba alipaswa kwenda kwa kuhani kumwarifu. Na kuhani alipaswa kwenda mwenyewe kuitazama nyumba, kuifunga kwa siku saba, kisha kurudi na kutazama tena. Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. Mwenye nyumba asifiche. Mwangalizi asikae ofisini. Mmoja hupeleka habari, mwingine huja kwa miguu yake, tena huja mara ya pili. Sheria ile imepita, lakini hekima yake haijapita.

Na Kanisa, nafasi yake ni ipi? Tangu mwaka 1992 makanisa yetu na serikali yalipatana juu ya huduma za jamii, ikaundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii; na katika nchi hii ya katikati hospitali za makanisa, kama Mtakatifu Gaspari kule Itigi na ile ya ndugu zetu Waanglikana kule Mvumi, zimewatunza watu wa kila dini. Hizo ni mikono. Lakini Kanisa laweza kuwa pia sikio na mdomo. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila juma nyumbani kwa waamini, mahali ambapo afisa hufika kwa nadra. Wakati wa mavuno katekista atangaze baada ya Misa: anikeni juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu, chagueni punje zilizooza na kubadilika rangi, mzitenge, koboeni mahindi kabla ya kusaga, maana kukoboa hupunguza sumu, wala msiwape kuku na ng'ombe yale mliyoyakataa wenyewe, wala msiyapeleke sokoni Kibaigwa ili yamwue mtoto wa mtu msiyemjua. Neno hili la mwisho ni amri ya tano kabisa. Aliyejua kwamba gunia lina ukungu, akalichanganya na safi ili apate bei, amepokea fedha ya damu.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni jambo jema, nasi twaliombea lifanikiwe mpaka kwa mnyonge wa mwisho. Lakini bima humlipia aliyekwisha kuugua. Haioni ukungu ghalani. Tusije tukafurahia kadi mfukoni, tukasahau jicho lililo juu ya mlima.

Zamani mkulima wa Chemba angeweza kusema kwamba Wizara iko mbali, Dar es Salaam, kando ya bahari, mahali pasipojua ukame. Sivyo ilivyo leo. Serikali imehamia Dodoma, na ofisi za wizara zimejengwa Mtumba, mashariki ya mji. Waziri akichungulia dirishani mwezi wa Septemba ataona ardhi ile ile kavu na mibuyu ile ile anayoiona mama wa Kongwa. Serikali na watu wake wamekuwa majirani. Nasi Wakristo twajua ni swali gani Bwana wetu alilomwachia yule mwanasheria juu ya jirani, na ya kwamba alitaka lijibiwe kwa matendo.

Basi, wazazi, waangalieni watoto wenu nyuso zao na ghala lenu. Mkiona ugonjwa msioufahamu, msimtafute mchawi. Pelekeni habari zahanati upesi. Nanyi mlio na jicho la taifa, ambao wengi wenu mwasali nasi katika makanisa haya haya, hesabuni kwa uaminifu, semeni mnayoyaona, na mkisema "tupa," njoni na kitu mkononi. Mungu awape ninyi macho yasiyochoka, na awape akina mama wetu chakula safi cha kuwagawia watoto wao.